Ukate Lini, Uache Lini: Kulea Mti Mchanga Uliochimbwa Uwe Bonsai

Mtu akishachimba mzeituni mwitu kwenye kiwanja kinachosafishwa kule Kisongo na kuufikisha nyumbani ukiwa umezungushiwa gunia bichi, swali lake la kwanza huwa: nikate wapi? Mkasi tayari uko mkononi. Mti wenyewe una shina la unene wa kidole gumba, umepanda moja kwa moja mita moja na nusu, matawi yote yamejikusanya kileleni na chini ni utupu. Haufanani kabisa na ile miti midogo yenye sura ya uzee aliyoiona kwenye picha, na yeye anataka ufanane leo.

Jibu ni kwamba kwa sasa asikate popote, zaidi ya alichokata wakati wa kuchimba. Siku ya kukata itakapofika, atakata sana kuliko alivyowahi kufikiri. Kisha ataacha mti ukue ovyo, kwa muda mrefu kuliko anavyoweza kuvumilia kuutazama. Ndiyo maana ushauri wa bonsai, sanaa ya kulea miti midogo vyunguni, huwachanganya wanaoanza. Mmoja anasema bana, mwingine anasema achia, na wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia mti ulio katika hatua yake. Asiyejua hatua ya mti wake atafuata ushauri mzuri kwa wakati mbaya. Makala hii inazitenganisha hatua hizo, kwa miti yetu na misimu yetu ya Arusha na Moshi.

Mti mdogo si mti wenye njaa

Kuna dhana inayoharibu kazi kabla haijaanza. Wengi huamini kwamba bonsai ni mti uliodumazwa: chungu kidogo, maji kidogo, mbolea hakuna, ukabaki mfupi kwa dhiki. Wapo wanaosema huko ni kuutesa mti, na kama ingekuwa hivyo kweli, ningekuwa upande wao.

Lakini sanaa hii, iliyoanzia China na kukuzwa sana Japani, haijengwi juu ya njaa. Mti wa bonsai humwagiliwa kila unapohitaji, hupewa mbolea, na kila baada ya miaka michache hubadilishiwa udongo na kupunguzwa mizizi ili mipya iote. Ni mfupi kwa sababu unakatwa. Katika makumbusho ya bonsai mjini Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Kijapani ambao umelelewa kwenye chungu tangu 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa Hiroshima, nyuma ya ukuta wa bustani ya familia ya Yamaki, kilomita kama tatu kutoka bomu la atomiki lilipolipukia, nao ukanusurika. Familia hiyo iliutoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Mti unaoteswa kwa njaa haufikishi karne nne.

Dhana hii ina madhara ya moja kwa moja. Anayeiamini huuweka mche wake kwenye chungu kidogo siku ya kwanza na kuubania chakula, ilhali huo ndio wakati ambao mti unahitaji nafasi na chakula kuliko wakati mwingine wowote. Miaka mitano baadaye atakuwa na mche ule ule wa kidole gumba, dhaifu kuliko alivyoupata.

Anachokijua mkulima wa kahawa, na kinachoweza kumpotosha

Huku kwetu hatuanzi na sifuri. Mtu aliyekulia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, kule Machame, Kibosho au Marangu ameona mbuni ukikatwa kilele ili usipande kupita mkono wa mchumaji. Ameona maotea, yale machipukizi yanayosimama wima, yakiondolewa, na mibuni iliyochoka ikikatwa hadi kisiki ili itoe mashina mapya. Nusu ya bonsai iko hapo. Mkono wake tayari hauogopi kukata mti ulio hai, na hilo ni jambo kubwa.

Ila mbuni una tabia yake, na ukiihamishia kwenye mzeituni utakosea. Mbuni hukua kwa namna mbili: shina husimama wima, na matawi ya pembeni hulala, tena hubaki ya pembeni maisha yao yote. Kila tawi la pembeni hutoka kwenye jicho, yaani mahali chipukizi linapoanzia, moja maalumu la kifundo cha shina. Likishaondolewa lote, pale pale halioti lingine la pembeni. Kitakachotoka ni otea linalosimama wima. Ndiyo sababu mbuni uliopoteza matawi ya chini hubaki mtupu hadi ukatwe kisiki.

Mzeituni mwitu hauko hivyo. Chini ya gome lake, hata mti ukiwa mkubwa, kuna macho yaliyolala, na mti ukikatwa wakati una nguvu huyaamsha mahali ambapo hapajaota jani kwa miaka. Mkwaju, mkomamanga, mpera na jamii ya mikuyu nayo ina ukarimu huo, kila mmoja kwa kiasi chake. Kwa hiyo ule mche ulio mtupu chini haujaharibika. Matawi ya chini yatakuja. Kinachotakiwa ni nguvu ya kuyaamsha, na nguvu hiyo mti uliotoka kuchimbwa jana hauna.

Kuna tofauti nyingine, ya lengo. Mbuni hupogolewa kwa ajili ya mwanga na matunda. Bonsai hupogolewa kwa ajili ya mbao yenyewe: unene wa shina, mpindo wake, namna matawi yanavyogawanyika hadi kufikia vitawi vyembamba. Majani yatakuja na kupukutika. Mbao hubaki na kila mkato ulioupitisha.

Pa kuchimba

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro au ya Arusha hapachimbwi kitu, hata mche wa urefu wa kidole, na tangu 2005 hifadhi ya Kilimanjaro imejumuisha pia ukanda wa msitu uliokuwa chini ya mpaka wake wa zamani. Misitu mingine iliyohifadhiwa, kama Rau pale Moshi, inalindwa na Sheria ya Misitu ya 2002. Bila kibali usiingie na sururu. Na mti uliojiotea shambani kwa mtu ni wa mwenye shamba.

Sioni hasara yoyote katika makatazo hayo, kwa sababu miti bora ya kuchimba iko mjini na pembezoni mwake. Viwanja vinasafishwa kila wiki kwa ajili ya ujenzi, na miti yake huishia kuwa kuni. Ua wa bogenvilia wa miaka thelathini unaong'olewa kupisha ukuta wa matofali una visiki ambavyo mtu wa bonsai wa nchi nyingine angevilipia pesa nyingi. Zungumza na fundi wa ujenzi kabla tingatinga halijafika. Mara nyingi atakuambia chukua.

Mizizi kwanza

Wakati mzuri wa kuchimba ni masika yanaposhika, kwa kawaida kuanzia katikati ya Machi. Udongo umelainika, hewa ina unyevu, na mawingu yatakaa wiki nyingi, hivyo majani hayapotezi maji kwa kasi wakati mizizi iliyokatwa haijaweza kuyarudisha. Vuli nayo inafaa, ila inafuatwa na Januari na Februari, miezi ya jua kali, na mti ambao haujashika utahitaji ulinzi mkubwa.

Kwa shina la kidole gumba, duara la sentimita 30 hivi kutoka ukingo hadi ukingo linatosha. Mzizi mkuu unaozama moja kwa moja ukate kwa msumeno mkali. Panga huchana, na mzizi uliochanika huoza. Mzizi huo hauna kazi kwenye chungu cha kina kifupi. Unachokitafuta ni mizizi myembamba iliyo karibu na kitako cha shina, inayosambaa pande zote, nayo uitunze pamoja na udongo wake. Fumbata kila kitu kwa gunia bichi palepale, kabla upepo haujaikausha.

Juu, punguza kidogo tu ili mti ubebeke na majani yasizidi sana mizizi iliyobaki. Usivue yote. Machipukizi ya kileleni na majani machanga hutengeneza oksini, homoni inayoshuka kwenye shina na kuchochea mizizi mipya. Anayeuvua mti majani yote kwa kuogopa utakauka ameondoa pia kile kinachoiita mizizi.

Kuhusu udongo, nitakaa kidogo hapa kwa sababu tuna bahati ambayo wengi hawaioni. Udongo mweusi wa kihamba unaipendeza migomba, lakini ukiwekwa kwenye chungu hushikamana, maji husimama na mizizi hukosa hewa. Wajapani hutumia chembechembe ngumu za udongo wa mfinyanzi ziitwazo akadama. Sisi milima yetu ya volkano imetuachia kokoto nyepesi zenye vitundu, nyekundu au nyeusi. Zichekeche, chukua chembe za milimita 3 hadi 6, osha vumbi lote, kisha changanya na mboji iliyoiva kiasi cha robo. Vitundu hushika maji, nafasi kati ya chembe hupitisha hewa, na maji ya ziada hutoka chini. Vumbi ukiliacha, litajaza nafasi hizo na utakuwa umerudi kwenye tope.

Panda kwenye kasha la mbao au beseni pana lililotobolewa matundu mengi, na ufunge mti kwa kamba au waya hadi usitikisike kabisa. Hatua hii ya kufunga hudharauliwa. Mizizi mipya inapoanza ni laini mno. Mti ukiyumba kwa upepo wa jioni, hukatika kabla haijashika, na mwenye mti hujua wiki nyingi baadaye, majani yanaponyauka bila sababu anayoiona. Baada ya hapo weka chini ya neti ya kivuli, nyunyizia majani asubuhi na alasiri, na usiweke mbolea.

Majani ya kwanza hudanganya

Baada ya wiki chache machipukizi hutokea. Hapa ndipo watu hushangilia na kuutoa mkasi kabatini.

Majani hayo hayathibitishi kwamba mti umeshika. Yamelipiwa na wanga uliowekwa akiba kwenye mbao kabla mti haujachimbwa. Ndiyo maana nguzo ya ua iliyokatwa porini na kuchomekwa ardhini huweza kuchipua bila mzizi hata mmoja, kisha ikafa. Mti wako unaweza kuwa katika hali hiyo hiyo: unatumia akiba ya mwisho kufungua majani, na majani hayo yakikatwa, hakuna kitakachorudisha gharama yake.

Dalili ya kuamini ni nyingine. Chipukizi huendelea kurefuka bila kusimama, likiongeza kifundo baada ya kifundo. Majani ya kwanza hukomaa na kuwa magumu, kisha wimbi la pili hufuata. Na udongo huanza kukauka upesi kuliko mwanzo, maana sasa kuna mizizi inayokunywa. Ukiona hayo matatu, anza mbolea kidogo kidogo na usogeze mti juani kwa hatua. Kwa mzeituni mwitu, ambao mizizi yake haina haraka, hili laweza kuchukua mwaka mzima. Bogenvilia na mikuyu huwahi zaidi. Mwaka huo, mkasi ubaki ulipo.

Unene hutoka wapi

Tufike sasa kwenye kiini, kwa sababu makosa mengi ya kupogoa hutokana na kutojua jambo hili moja.

Chini ya gome kuna tabaka jembamba la kijani linaloongeza mbao mpya kila linapolishwa. Kinacholilisha ni sukari inayotengenezwa na majani, na sukari hiyo hushuka kuelekea mizizini. Kila jani, basi, hunenepesha njia yote iliyo kati yake na mizizi, na haliongezi chochote kwenye shina lililo juu yake. Ni kama mito ishukayo Kilimanjaro: kila kijito kinachojiunga huongeza maji kwa walio chini ya makutano, na hakina la kuwapa walio juu.

Ukilielewa hilo, mengi hufunguka yenyewe. Mtu anayebana ncha kila wiki ili mti ubaki nadhifu anazuia majani, na bila majani shina litabaki la kidole gumba milele. Anayetaka shina nene lazima auache mti urefuke. Na akitaka kitako kinene kuliko sehemu ya katikati, hali inayoupa mti mdogo sura ya uzee, huacha tawi moja la chini kabisa likimbie bila kuguswa, hata lifike mita mbili. Tawi hilo ni la kazi, si la sura. Halitakuwepo kwenye mti uliokamilika. Linanenepesha kitako tu, na likimaliza, linakatwa.

Ni lazima nikiri uzuri wa mti katika hatua hii ni haba. Umetawanyika, una tawi refu lisilo na maana kwa jicho, na kila mgeni anayeingia uani atauliza kwa nini hupogoi. Usimjibu kwa mkasi.

Wenye uwanja hufanya kazi hii haraka zaidi ardhini. Mti ulioshika hupandwa kwenye tuta kwa miaka miwili au mitatu, na chini ya kitako huwekwa kigae au jiwe bapa ili mizizi isizame bali itambae pande zote. Mizizi ya namna hiyo, ikionekana juu ya udongo baadaye, ina thamani kuliko tawi lolote, kwa sababu tawi laweza kuoteshwa upya lakini kitako kizuri hujengwa polepole sana.

Mkato mkubwa

Kitako kikifika unene unaoutaka, ndipo jibu la lile swali la kwanza hufika.

Kanuni ya zamani ya bonsai husema urefu wa mti uwe kama mara sita ya unene wa shina pale chini. Shina la sentimita 5 litabeba mti wa sentimita 30. Lakini mkato wa kwanza haupiti sentimita 30. Unapita chini zaidi, kwenye theluthi moja ya urefu huo, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu sehemu mbili za juu zitajengwa na machipukizi mapya, kila moja nyembamba kuliko iliyo chini yake. Mti uliofika mita mbili utabaki kisiki cha kiganja. Inatisha, na ni sahihi, mradi masharti mawili yatimie: mti una nguvu zake zote, na ni wa aina inayochipua kwenye mbao kuukuu. Mtarakwa ukiukata chini ya majani yake ya mwisho haurudi, kwa hiyo usiupeleke njia hii.

Kata sentimita mbili tatu juu ya mahali unapopataka, kwa sababu hujui macho yataamkia wapi na ncha ya kisiki hukauka kidogo. Machipukizi yatatoka mengi, mengine kwenye kovu lenyewe. Yaache yote mpaka yakomae. Mti unahitaji majani yake. Ukishaona yapi yana nguvu na yameelekea wapi, chagua moja liwe shina jipya, na mawili matatu ya chini yawe mwanzo wa matawi. Kisha rekebisha kisiki kwa mkato wa mshazari unaoshuka kutoka kwenye chipukizi ulilolichagua.

Mzeituni una jambo la kuangalia hapa. Majani yake huota mawili mawili yakielekeana, na macho vilevile. Ukiacha machipukizi yote mawili ya kifundo kimoja, baada ya miaka pale patavimba na shina litaonekana limekabwa. Kila penye mawili, baki na moja: hapa la kushoto, kifundo kinachofuata la kulia. Ni kazi ya sekunde tano leo, na ni kovu la kudumu ukiiahirisha.

Kidonda kikubwa kipakwe nta ya nyuki au dawa ya vidonda vya miti, baada ya kingo kulainishwa kwa kisu chenye makali. Kisipofunika chote, si msiba. Mbao ya mzeituni mwitu ni ngumu mno na haiozi upesi, na sehemu iliyokufa yaweza kuchongwa na kuachwa ikiwa kavu, jinsi inavyoonekana kwenye mizeituni ya kale huko nje.

Juu bana, chini achia

Kutoka hapo kazi inajirudia. Shina jipya unaliacha likimbie hadi kitako chake kikaribie unene wa kisiki, kisha unalikata fupi, unachagua chipukizi linalogeukia upande mwingine, unaliacha nalo likimbie. Kila mkato huzaa mpindo na kupunguza unene. Matawi nayo hujengwa hivyo hivyo. Kusini mwa China, jimbo la Guangdong, wafuasi wa shule ya Lingnan wameifanya njia hii kuwa sanaa nzima, kiasi kwamba mpindo wa tawi hutoka zaidi kwenye mkasi kuliko kwenye waya. Kwa miti yetu ya majani mapana, inayokua karibu mwaka mzima, naiona inafaa kuliko nyingine zote.

Mkato hufuata jicho. Chipukizi jipya litakwenda upande ambao jicho la mwisho linautazama, kwa hiyo kabla ya kukata tazama jicho, wala usitazame urefu. Lile linalotazama nje na chini kidogo ndilo la kulipendelea. Linalotazama ndani litakuletea tawi la kukatwa tena.

Halafu kuna suala la nguvu kutogawanyika sawa. Oksini ya kileleni hulaza macho ya chini, na ndiyo maana kilele huzidi kunenepa huku matawi ya chini yakififia. Mtu akipogoa kwa usawa, juu kiasi hiki na chini kiasi hiki, kila mwaka atazidi kuyapoteza ya chini. Juu pakatwe mapema na zaidi. Chini pasiguswe mpaka pawe na nguvu ya kutosha. Tawi dhaifu liinue ncha yake iangalie juu, litaongeza kasi. Lenye nguvu kupita kiasi lilaze, litapoa. Ujanja huu mdogo wa kuinua na kulaza huokoa matawi mengi kuliko mbolea yoyote.

Kubana ncha za vitawi, ile kazi inayoonekana kwenye picha nyingi na ambayo wanaoanza huikimbilia, ni ya mwisho. Hufanywa shina na matawi makuu yakishakuwa na unene wake wote, ili vitawi vigawanyike na majani yapungue ukubwa. Ikifanywa mwaka wa pili, mti huacha kukua.

Waya

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na tawi la miezi michache kweli hukunjika bila kulalamika. Waya wa shaba uliovuliwa kwenye nyaya kuukuu za umeme unafaa sana ukichomwa mkaani hadi uwe mwekundu na kuachwa upoe: hulainika, kisha hukazana ukishapindwa. Waya wa kufungia nondo hushika kutu, uache. Unene uwe theluthi ya tawi, mizunguko ipande kwa mshazari wa nyuzi 45, na mti uwe umeshashika mizizi. Wakati wa masika matawi hunenepa kwa kasi na waya huweza kuuma gome ndani ya wiki chache, hivyo kagua kila wiki, na uutoe kwa kuukata vipande vipande. Ukiuzungusha kuurudisha utavunja kile ulichokijenga.

Kalenda yetu haina theluji

Maelekezo mengi ya bonsai yameandikwa kwa nchi ambazo miti hulala majira ya baridi na kuamka majira ya kuchipua. Anayeambiwa akate mwishoni mwa baridi, akakata Agosti hapa Arusha, anaukata mti uliopoa baada ya miezi ya mawingu ya Meru, na utakaa kimya muda mrefu kabla ya kujibu. Kwetu kinachoongoza ni mvua na joto. Kuchimba, kubadilisha udongo na mikato mikubwa vinakwenda na mwanzo wa masika. Juni hadi Agosti ni ya kutazama, kuondoa vilivyokufa na kupanga. Septemba joto linaporudi, miti huanza kusukuma tena na mikato ya kati huruhusiwa. Vuli ikinyesha, matawi hukimbia. Januari na Februari kazi ni maji. Moshi mjini, ulio chini ya Arusha kwa mita mia kadhaa, huwa na joto zaidi, kwa hiyo mti hulala kidogo tu katikati ya mwaka, lakini chungu hukauka mapema na kivuli cha mchana huhitajika zaidi.

Sura ya kuiga ipo nje

Wengi wetu huchukua picha ya msonobari wa Japani na kujaribu kuubandika kwenye mzeituni au mgunga. Mti hukataa, kwa sababu tabia yake ni nyingine. Afrika Kusini, Charles Ceronio alitetea mitindo inayofuata miti ya bara hili: mgunga wenye kilele bapa, mbuyu, na mtindo unaoitwa kwa jina la mchoraji Jacobus Hendrik Pierneef, aliyeishi kati ya 1886 na 1957 na kuichora miti ya kwao yenye matawi yanayopanda kwa mshazari na kufunguka juu. Sisi tunayo mifano hiyo hai. Toka Arusha ukielekea Makuyuni, tazama jinsi mgunga unavyogawa matawi yake, mahali pa kwanza panapogawanyika pako juu kiasi gani, na jinsi mizeituni kwenye miteremko mikavu upande wa Monduli inavyobeba mbao iliyokufa ubavuni mwa mbao hai. Wamasai huuita mzeituni huo oloirien, na huchoma matawi yake ili moshi usafishe vibuyu vya maziwa. Wazee wao watakuonyesha ile iliyozeeka kuliko yote. Chora unachokiona, hata kwa mchoro mbaya. Mchoro huo ndio utakaokuambia tawi lipi libaki.

Chungu cha kina kifupi hufuata baada ya yote haya, shina likiwa na unene wake na matawi makuu yakiwa yamekaa. Ukiingia humo mti hupunguza mwendo sana, na kilichokuwa chembamba kitabaki chembamba. Uhamishe mwanzo wa masika, ukipunguza theluthi ya mizizi kwa mkasi safi na kuacha ile ya juu inayotambaa, ufunge kwa waya unaopita kwenye matundu ya chini, na uuweke kivulini wiki tatu nne. Januari kule Moshi mwagilia asubuhi na jioni, hadi maji yatoke chini.